Pamba Isiyoshika Moto

Obunga, Kisumu
Jumapili, 9 Januari 1972. Kulikucha bila wingu hata moja. Upepo wa ziwani haukuvuma, na kabla watu hawajaenda kanisani mabati yalikuwa yameanza kulia kwa joto.

Mwanangu Okoth,

Mambo ya safari sikuandikii. Baba yako mdogo Ojwang' amekwisha kukuambia yote, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: namna ya kulinda sanduku ndani ya garimoshi, namna ya kumwamkia nyapara, watu wa kuwatafuta Nairobi na watu wa kuwakimbia. Uliitikia ndiyo kila aliponyamaza. Nilikuwa jikoni nikakusikia, nikajua husikilizi, unafurahi tu. Una haki ya kufurahi. Wenzako mliomaliza nao kidato cha nne wanashinda sokoni wakingojea mtu mwenye mzigo.

Ninachokuandikia ni hiki. Baba yako hakufa kwa kifua kikuu. Aliuawa na kazi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo unayokwenda kuifanya. Nimelijua jambo hili tangu mwaka jana nikalinyamazia, na utakapofika mbele kidogo utaona kwa nini nililinyamazia. Hutapendezwa.

Nianze na pamba, maana wewe ulizaliwa ukaikuta nyumbani.

Baba yako aliingia karakana ya meli akiwa kijana, kabla hajanioa. Kazi yake iliitwa kuvisha. Boila, lile tangi la mvuke wa meli, ikiachwa uchi hupoteza joto na kuwaunguza watu, kwa hiyo ilivishwa. Walichanganya pamba na maji ndani ya pipa, wakaikanda kwa mikono kama wanawake wanaokanda udongo wa kukandika nyumba, wakaipaka juu ya boila na mabomba yake mpaka ikakauka na kuwa ngumu, nyeupe. Hiyo haikuwa kazi mbaya. Kazi mbaya ilikuwa meli inaporudi kutengenezwa. Hapo waliingia chini, mahali pasipo na dirisha, wakaibandua ile ya zamani kwa nyundo na patasi. Baba yako alisema kule chini huwezi kumwona mwenzako kwa vumbi, mnajuana kwa kukohoa. Alilisema hilo kama mzaha na mimi nililicheka kama mzaha.

Jioni alirudi mweupe tangu nyusi mpaka viatu. Watoto wa jirani walimwita Mzungu wa Obunga. Naye akiwaona alisimama katikati ya njia, akaweka mikono nyuma, akawafokea kwa Kiingereza alichokitunga mwenyewe, kisicho na neno moja la kweli, mpaka wakatawanyika wakipiga kelele. Halafu aliingia ndani, akavua koti mlangoni, nami nikalikung'uta. Nililikung'uta kwa nguvu, nikiligonga ukutani, huku wewe umekaa miguuni pangu unashika vile vinyota vinavyoelea kwenye mwanga wa jua. Ulikuwa unavipenda. Uliinua mikono yote miwili.

Jina halisi la kile kitu sikulijua. Karakana nzima waliiita pamba kwa kuwa ilikuwa nyeupe, nyepesi, na ungeweza kuichambua kwa vidole. Mwaka jana niliambiwa kuwa ni jiwe, linachimbwa ardhini kama mawe mengine. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kama wanaume wale wangeliita jiwe, nisingeliingiza ndani ya nyumba. Nani analalia jiwe? Lakini ukimwambia mwanamke pamba, mikono yake inajua yenyewe la kufanya.

Ulipozaliwa, chumba chetu kilikuwa na kunguni wasiosikia dawa wala maji ya moto. Ulikuwa na madoa shingo nzima. Siku moja baba yako alirudi na gunia dogo begani.

"Nyar Port," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu anioe, binti wa Port, kwa kuwa alinitoa Port Victoria, "mshonee huyu bwana mto. Hii kunguni hawakai ndani yake. Hata moto haishiki. Nyumba ikiungua, mto utabaki."

"Na mtoto?"

"Mtoto atabaki ameukumbatia mto."

Tulicheka mpaka ukaamka. Nikashona mto wa merikani, nikaujaza vizuri, nikaupigapiga ukajaa. Kweli kunguni hawakukaa humo. Uliulalia mpaka ulipoanza shule, na baada yako akaulalia mdogo wako Akinyi. Ulikuwasha kidogo shingoni, nami nilikupaka mafuta.

Habari zilienea. Mama Auma, yule anayekausha samaki kwa moshi karibu na reli, alinijia mikono kiunoni.

"Mama Okoth, wewe uko na kitu kama hii kwa nyumba na hutuambii? Hiyo ni roho gani?"

Nikampa. Akaipaka kuzunguka pipa lake la kukaushia samaki ili joto lisipotee, na kweli akaanza kutumia kuni chache. Wengine nao wakaja. Nilikuwa mgeni hapa, Munyala wa Port kati ya Wajaluo, na hiyo pamba ndiyo kitu cha kwanza kilichonifanya niitwe jirani. Kwa hiyo niligawa, na baba yako aliponiletea nyingine niligawa tena.

Sasa nije kwenye mwaka ule ulipoingia kidato cha kwanza. Unaukumbuka kwa namna yako. Nitaueleza kwa namna yangu, kisha utalinganisha.

Alianza kuishiwa pumzi akipanda ule mwinuko wa kanisani. Kisha upande mmoja wa kifua ukamchoma. Hospitali walimtoa maji kifuani, wakamtoa tena, wakasema huenda ni kifua kikuu, wakamdunga sindano miezi na miezi. Maji yalirudi. Aliisha mwili mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni anapokula. Waliniuliza nani mwingine ndani ya nyumba anakohoa. Waliniuliza kama yuko mtu wa ukoo aliyewahi kufa hivyo. Ojwang' naye alikuwa na swali lake, akaniuliza mbele ya watu, mwiko gani umevunjwa katika nyumba hii. Alisema ni chira, ile laana inayomkausha mtu aliyekiuka desturi, na alisema ndugu yake aliponzwa na kuoa nyar mwa, binti wa watu baki asiyejua hata mahali pa kuweka chungu.

"Pale kwenu mnafundishwa nini?" alinifokea. "Kuvua samaki tu?"

Nilimjibu kwa kiburi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili. Nilikuwa bado na daftari langu la somo la afya, na nilijua kwa moyo kwamba kifua kikuu kina vijidudu, na vijidudu hukaa katika mate, na mate hayo yamo katika kikombe, kijiko, mto na pumzi. Nikamwambia, "Shemeji, ugonjwa huu hauna uhusiano na chungu. Ni wadudu. Mtu fulani pale kazini amemwambukiza." Nilijiona nimemshinda.

Ona jinsi tulivyokuwa. Ojwang' aliuliza nani. Hospitali waliuliza nani. Mimi niliyesoma niliuliza nani. Huku kwetu mtu akiugua tunatafuta mtu mwingine nyuma yake, aliyemloga, aliyevunja mwiko, aliyemkoholea. Hakuna aliyeuliza nini. Na hicho kitu kilikuwa kimening'inia kwenye msumari mlangoni kila jioni.

Ndipo nikaanza kazi yangu. Nilifanya vizuri kila kitu nilichofundishwa. Nilimpa kikombe chake cha bati, sahani yake, kijiko chake, nikavichemsha peke yake katika sufuria yake. Nilichemsha shuka zake. Nilichemsha mashati yake mpaka yakapauka. Nilimhamishia kile chumba cha nyuma kilichokuwa jiko. Yeye alisema, "Sasa nimekuwa mgeni wa heshima. Hata DC hana kikombe chake peke yake." Wewe ulikuwa unamwendea kwa siri mcheze drafti kwa vifuniko vya soda. Nilikukuta siku moja umekaa kitandani pake, goti lako limegusa la kwake, mnabishana kwa sababu amekuibia kete. Nilikupiga kwa mwiko wa ugali. Ulikuwa umeshanizidi urefu na hukukimbia. Ulinitazama tu, naye alikuwa anasema, "Mwache, Nyar Port. Mimi ndiye mwizi."

Ulipoendelea kuja, nikafunga mlango kwa nje, kwa waya.

Siku ya kwanza alinisikia nikiuzungusha waya. Akaniita kutoka ndani, bila hasira.

"Nyar Port. Kuku hufungiwa kwa ajili ya mwewe. Mimi nafungiwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watoto."

Kisha akasema, "Basi funga vizuri."

Yaliyofuata unayajua, wewe ndiye uliyeutoa ule waya. Nilikuwa nimekwenda Kibuye sokoni. Nilirudi nikakuta mlango wazi, wewe umekaa chini, kichwa chake kiko mapajani mwako, mdomo wake uko wazi na vidole vyako vimejikata kwa kuhangaika na waya. Alikuwa bado na joto. Sikupiga yowe. Sikusema pole. Neno la kwanza nililokuambia, baba yako akiwa katika mikono yako, lilikuwa, "Nenda ukanawe."

Ukaenda ukanawa. Tangu siku ile unaniheshimu. Unaniletea maji, unanipokea mzigo, unaniitikia. Hujanibishia hata mara moja. Mtoto wa kiume asiyembishia mama yake, mimi nilijua ni mtoto aliyeondoka zamani.

Nilikuwa na kinga moja, nami niliishika sana. Nilijiambia: ndiyo, nilikuwa mkatili, lakini wako hai. Nilimnyima mmoja ili niwaokoe wawili. Siku utakapokuwa na wako utaelewa. Nilikuwa hata nimeyaandaa maneno nitakayokuambia siku hiyo.

Wakati wa matanga, kwa desturi ya kwao, mjane huvaa vazi la marehemu. Ojwang' alileta lile koti la kazi. Nikasema nitalivaa, ila nalichemsha kwanza. Kulikuwa na kelele. Walisema nimepika jasho la ndugu yao kama mboga. Nililichemsha hata hivyo, nikalianika, nikalikung'uta, nikalivaa muda wote wa matanga huku nikijipongeza kwamba nimewashinda wadudu. Hakuna aliyenifundisha kwamba viko vitu visivyokufa kwa kuchemshwa.

Na matanga yalipokwisha nilimchukua jogoo nikaenda kwa nyapara wa karakana. Hukujua hilo. Ulidhani kazi hii imekuja kwa sababu ya cheti chako. Imekuja kwa sababu nilikaa kwenye benchi lake nikalia, nikamwambia mwenzenu amekufa, mshikieni mwanawe nafasi mpaka amalize shule. Naye alikuwa mwungwana, aliniambia, "Mama, nafasi ya baba ni ya mtoto. Tutampeleka Nairobi kwenye karakana kubwa, akajifunze kuvisha boila za reli pia." Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na kwa Kinyala kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa.

Mwaka jana Mzee Opiyo aliugua. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anachanganya pamba na maji, aliyekuwa na mguu mmoja mfupi. Alianza kama baba yako: pumzi, kisha kuchomwa upande mmoja, kisha maji. Hospitali ilikuwa na daktari mpya, kijana wa kwetu aliyetoka kusoma. Huyo alimwuliza Opiyo swali moja ambalo hatukuwahi kuulizwa sisi. Opiyo akamjibu, kisha akamtajia baba yako, naye akatafuta zile picha za kifua za zamani, akaniita.

Nilivaa gauni la kanisani. Nilidhani wanataka kuwapima nyinyi.

"Mama," alisema, "mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kuvisha boila."

"Kwa pamba ile nyeupe?"

"Ndiyo."

"Nyumbani kulikuwa na vumbi lake?"

Nilicheka, Okoth. Nilimwona ni mtoto asiyejua maisha. "Daktari, vumbi? Sisi tuliilalia. Nilimshonea mtoto mto."

Aliweka kalamu chini. Akainuka akafunga dirisha, sijui kwa nini, maana hakukuwa na kelele yoyote nje.

Akanieleza polepole kama anayemfundisha mtu kusoma. Kwamba ni jiwe, na jiwe hilo likivunjika huwa nyuzi ndogo kuliko unywele, ndogo mpaka jicho halizioni. Mtu akizivuta hazitoki. Haziozi, mwili hauziyeyushi. Zinachoma na kuchoma ndani miaka ishirini, thelathini, mtu akiwa mzima kabisa, anacheza mpira, anaoa, anazaa. Halafu ule utando unaofunika mapafu unaota kansa, na kansa hiyo hutoa maji, na haina dawa. Alisema si mate. Si laana. Si damu ya ukoo. Ni kile mtu alichokivuta mahali alipofanya kazi na mahali alipolala.

"Kwa hiyo hakuwa na kifua kikuu," nilimwuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mama, ugonjwa huu hauambukizi. Ungeweza kunywa katika kikombe chake."

Ninataka kukuambia nililia kwa ajili ya baba yako. Sikulia. Nilimchukia yule kijana. Nilimchukia kwa sababu aliingiza mkono akaniondolea ile kinga yangu, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Waya ulikuwa wa bure. Mwiko wa ugali ulikuwa wa bure. Mngeweza kucheza drafti mpaka siku ya mwisho, ungelala kando yake, Akinyi angepakatwa. Nilimfungia mtu asiyeweza kumdhuru yeyote, na kilichoweza kuwadhuru nikawabembeleza mlale juu yake kila usiku.

Nilipofika mlangoni nilikumbuka kumwuliza jambo la nyinyi. Alisema si kila aliyevuta anaugua. Wengine huzeeka wakafa kwa mambo mengine. Nikamwuliza kwa nini huyu na si yule, akasema hawajui. Nikamwuliza kama kuna kipimo cha kujua mapema, akasema hakuna. Nikamwuliza nifanye nini. Akasema tusiliguse vumbi hilo tena, na anayelivuta asivute sigara, maana viwili hivyo vikikutana kifuani husaidiana kuua.

Sasa unajua kwa nini nilikupokonya ile sigara mwezi wa nane mbele ya rafiki zako na nikaitia katika chai yako. Walikucheka. Ulidhani ni ulokole.

Huo ndio mwaka niliounyamazia. Ningekuambia kuhusu pamba, ungeuliza kuhusu waya. Hakuna njia ya kukupa la kwanza bila kukupa la pili. Kila nilipotaka kusema nilijiambia kazi yenyewe iko mbali, labda hawatakuita. Hata kwa Ojwang' nilinyamaza, ingawa maneno ya daktari yangenisafisha na ile habari ya chira. Nilichagua kuitwa mvunja mwiko kuliko kuitwa nilivyo. Kisha wakakuita, nikauona uso wako ukiusoma ule mwito, nikasema kesho. Nimesema kesho mpaka kesho zimekwisha.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemwambia, naye ni Mama Auma. Nilimwendea kwa sababu ya lile pipa lake. Nilimkuta ameinama motoni, macho mekundu, anageuza samaki.

"Pamba inaua?" alisema. "Mama Okoth, kama inaua mbona mimi nanenepa?"

"Inachukua miaka mingi."

"Miaka mingi!" Akawageukia wenzake akapiga makofi. "Sikieni huyu. Mimi nikifika hiyo miaka mingi nitachinja ng'ombe. Njaa inaua leo leo saa saba mchana, hiyo ndiyo naogopa."

Wakacheka wote, nami nikacheka ili niweze kuondoka. Pipa bado lipo, pamba bado ipo, vipande vyake vinabanduka na kuanguka majivuni, na mjukuu wake anachezea hapo. Nilirudi mara nyingine akaniambia kwa upole kwamba nimechanganyikiwa kwa ujane. Nilimwonea hasira, kisha nikakumbuka ni nani aliyempa. Kitu kinachoua leo watu hukikimbia wote. Kinachoua baada ya miaka ishirini, utakisimulia peke yako mpaka uonekane wewe ndiye mgonjwa.

Leo baada ya kanisa Ojwang' alikupa lile koti. Nilikuwepo. "Vaa koti ya baba yako, kijana, wale watu wa Nairobi wajue wewe ni mtoto wa nani." Ulilivaa, likakukaa mabegani kama limepimwa kwako, ukaweka mikono mifukoni na ukatoa vidole vikiwa vyeupe. Kwenye mishono bado ipo, licha ya kuchemsha kwangu kote. Ukajipangusa kwenye suruali ukacheka. Nikakuona wewe wa umri ule mdogo, umeinua mikono kwenye mwanga.

Koti halimo sandukuni. Ulipokwenda kuwaaga rafiki zako nililitoa, nikalilowesha lisipeperushe vumbi, nikalitumbukiza chooni. Sikuweza kulichoma, unajua kwa nini. Najua vazi la marehemu kutupwa chooni ni jambo gani kwa watu wa baba yako. Ojwang' akijua hatakanyaga tena hapa, na akinifukuza hapa mjini na kule nyumbani atakuwa na haki yake. Mwambie ukitaka.

Sikukatazi kwenda. Sina uso wa kukukataza kitu. Mjomba wako wa Port ameniandikia kwamba shule ya pale inatafuta mwalimu asiyesomea ualimu, na kwamba mshahara ni wa kuchekesha, na kwamba nyumba inavuja. Hiyo ndiyo nafasi nyingine niliyo nayo ya kukuonyesha, na ukiiweka kando ya barua ya Nairobi naona mwenyewe inavyoonekana. Ukienda Nairobi utavaa vizuri, utamsomesha Akinyi, utarudi Krismasi na mkate wa dukani, nami nitaupokea na kuula. Miaka ishirini ni mingi. Pengine hutaugua. Pengine jiwe hilo limekwisha kukaa ndani yako tangu ule mto, na kwenda au kutokwenda hakutabadili neno. Sijui, na daktari hajui. Ningependa kukuandikia kwamba najua.

Najua hili tu, na nimelilipia: nilikuwa na elimu ya kutosha kumtenda mtu vibaya kwa uhakika. Ojwang' na chira yake hakumfungia ndugu yake mlango. Alikuja akakaa naye, akanywa uji kutoka kikombe kile kile cha bati, akalia mbele yake. Mimi niliyejua wadudu ndiye niliyeleta waya. Ukifika mahali, Nairobi au Port, ukakuta mtu mwenye hakika kama ile niliyokuwa nayo, awe nyapara au daktari au mchungaji, muulize mara ya pili. Akikasirika, muulize mara ya tatu. Kama mtu mmoja tu angeniuliza mara ya pili, huenda ningemfungulia.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii chini ya mashati yako, uikute Nairobi utakapofungua sanduku. Nilishakata na kipande cha merikani cha kuifungia. Kisha nikaona ujanja wangu: ungeisoma umekwisha kutia sahihi, mimi niko mbali, na jibu lako lingechukua wiki kunifikia, au lisingekuja. Ningekuwa nimekuambia bila kukuambia.

Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla Ojwang' hajaja. Nitaketi hapo hapo mpaka umalize. Usinihurumie kwa sababu Akinyi anasikia. Garimoshi ni la jioni, kwa hiyo una mchana mzima wa kuniuliza, au kunifokea, au kutoka nje ukatembea mpaka ziwani usinitazame. Ukiamua kupanda, panda, nitakubebea sanduku mpaka stesheni. Lakini usipande ukidhani baba yako aliuawa na mate ya mtu, wala usiende ukidhani mama yako alimfungia mlango ili wewe uishi.

Mama yako.

Saa tisa kasoro robo usiku. Nalala.